Taa ya njano baada ya kujaza tangi, na ile nyekundu uliyoitaja mwishoni

Msomaji ameniandikia hivi: "Gari langu ni la petroli, nililinunua likiwa limeshatumika. Wiki iliyopita nilijaza tangi. Pampu ilipokata, mhudumu aliendelea kubinya mara nne tano hadi mafuta yakaonekana mdomoni. Kesho yake asubuhi ikawaka taa ya njano yenye umbo la injini, na mpaka leo haijazimika. Fundi mmoja ananiambia nichomoe waya wa betri itapotea, mwingine anasema niiache tu. Nifuate lipi? Na taa zipi zikiwaka nisimame, zipi niendelee? Ipo pia taa nyekundu kama birika, ilimulika kidogo nikikata kona, lakini ilizimika yenyewe. Mwisho, kujaza mafuta kwa usalama kukoje?"

Ndugu yangu, umenitajia taa mbili, na umeuliza sana juu ya ile isiyo na haraka. Ya njano nitaifikia, na nadhani najua ilikotoka. Lakini niruhusu nianze na hilo birika jekundu, kwa sababu ndilo linaloweza kukuachia gari lisilo na injini kabla mwezi haujaisha. Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye usukani, usiwashe gari kwanza.

Taa ya birika haipimi wingi wa oili, inapima presha yake. Chini ya injini kuna bakuli la kukusanyia oili, sampu, na ndani yake kuna bomba linaloifyonza kuipeleka kwenye pampu. Oili ikiwa imepungua sana, ukikata kona ile iliyobaki hukimbilia upande mmoja, kama maji ndani ya beseni lililoinamishwa. Bomba linabaki kufyonza hewa, presha inaanguka, taa inamulika. Kona ikiisha oili inarudi chini ya bomba na taa inazimika. Kwa hiyo kuzimika kwake si dalili ya kupona. Kumetokea tu kwa sababu barabara ilinyooka.

Krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, ikiwa katika hali njema haigusani na beringi zake, zile vitako inazozungukia. Inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Gari likiwa kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kila sekunde. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma kwa kasi hiyo. Nimewahi kufungua injini ya mteja aliyeendesha taa hiyo ikiwaka "nifike nyumbani tu". Beringi hizo ni vipande vilivyopinda mfano wa nusu ya kopo dogo, na upande wa ndani huwa wa kijivu laini. Vyake vilikuwa vyekundu, rangi ya shaba. Tabaka la juu lilikuwa limekwisha lote, na kucha yangu ilikwama kwenye mikwaruzo. Nilipomimina oili ndani ya beseni na kuimulika kwa tochi, ilimetameta kama rangi ya kucha. Ule mng'aro ulikuwa chuma cha injini yake. Injini ilikuwa imenoki, na hakuna cha kumwaga ndani ambacho kingeirudisha.

Basi leo hii egesha gari mahali tambarare, zima injini, subiri kama dakika 10 oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena usome. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Katika magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Ikiwa iko chini, ongeza kidogo kidogo aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ukipima kila mara. Usipitishe alama ya juu, maana oili iliyozidi hupigwa na krenki ikafanya povu, na povu halibebi presha. Kisha tafuta inakokwenda: tazama chini ya gari palipolala usiku, tazama kama ekzosi inatoa moshi wa rangi ya buluu. Lakini ukikuta kijiti kinaonyesha oili ya kutosha na taa bado inamulika, usiliendeshe hata kwenda gereji. Mwite fundi aje na geji yake apime presha yenyewe. Inaweza kuwa sensa iliyokufa, inaweza kuwa pampu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Sasa nijibu swali lako la jumla. Rangi zinakusaidia sana hapa. Nyekundu maana yake simama mara tu unapopata mahali salama. Njano maana yake kuna kitu cha kushughulikiwa, lakini gari kwa kawaida linaweza kukufikisha kwa fundi. Kijani na buluu ni taarifa tu, kama taa kubwa zinapowaka au kipimajoto cha buluu kinachosema injini bado ni baridi, usiikanyagie. Alama zenyewe zimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 2575, kwa hiyo birika la gari hili ndilo birika la gari jingine.

Kwa kuwa gari lako lilikuwa na mwenyewe kabla yako, fanya jaribio moja ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Fungua swichi bila kupiga starti. Taa za onyo zote zinatakiwa ziwake, nyingi zizimike baada ya sekunde chache. Ya oili na ya betri zibaki hadi injini iwake. Taa ambayo haiwaki kabisa wakati huo ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu ama balbu imeungua ama mtu ameinyamazisha. Nimefungua dashibodi nikakuta kipande cha mkanda mweusi wa umeme kimebandikwa juu ya taa ya mifuko ya hewa. Aliyenunua gari lile alikuwa akiwapakia wanawe kila siku akiamini mifuko ipo.

Katika taa nyekundu, baada ya oili, niliyoiona ikiwaumiza watu kwa mikono yao wenyewe ni ya joto: kipimajoto kilichosimama ndani ya mawimbi. Gari likichemsha, simama, zima, na usiguse kifuniko cha rejeta. Mfumo wa maji ya kupoza umefungwa kwa presha makusudi ili maji yasichemke yakifika nyuzi 100. Yanaweza kuwa yamepita 110 na bado ni maji. Ukifungua, presha inatoka na maji yote yanachemka mara moja, yanaruka usoni. Subiri hadi bomba la juu la rejeta libinyike kwa vidole na mkono uvumilie kulishika. Hiyo ni nusu saa au zaidi. Ndipo ufungue kwa kitambaa kinene, kwa robo mzunguko, ukigeuza uso pembeni. Maji baridi kwenye injini ya moto nayo huweza kupasua silinda hedi, kile kichwa cha injini kilichofunika silinda. Na kama mshale wa joto ulikuwa juu sana kisha ukashuka ghafla, usifurahi: huenda maji yamekwisha na sensa inapima mvuke.

Taa ya betri huwadanganya wengi wakaenda kununua betri mpya. Inasema betri haichajiwi. Injini ikiwa inanguruma, mita inatakiwa isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi, ikisoma 12 na kitu, alternata, yaani jenereta inayochaji betri, haifanyi kazi. Fungua boneti, zima injini, tazama mkanda. Ukiwa umekatika, usiendelee, kwani katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na injini itachemka baada ya dakika chache. Ukiwa mzima, unaweza kusogea umbali mfupi ukiwa umezima redio, kiyoyozi na kila kisichohitajika.

Ya breki, duara lenye alama ya mshangao, kwanza hakikisha hendibreki imeshuka yote. Bado inawaka? Tazama kichupa cha mafuta ya breki. Hapa nina ombi: usiongeze tu ukaondoka. Breki pedi zikilika, pistoni zinazozisukuma hutokeza nje na mafuta yanashuka kwenye kichupa kuzifuata. Kwa hiyo kushuka kunaweza kuwa habari ya pedi zilizokwisha, au ya bomba linalovuja, na ukijaza juu umefuta habari kabla hujaisoma. Pedali ikiwa laini au inazama, gari halitembei, livutwe.

Sasa taa yako ya njano. Nadhani chanzo chake kiko kwenye yale mabinyo manne matano.

Karibu na ncha ya nozeli ya pampu kuna tundu dogo. Mafuta yakipita kwa kasi ndani ya nozeli yanafyonza hewa kupitia tundu hilo. Yakipanda kwenye shingo ya tangi na kuliziba, hewa inakatika, kiwambo kilichomo kwenye kishikio kinavutwa, mlango unajifunga: tak! Ule mlio unakuambia tangi limefika mahali lilipobuniwa kufika. Nafasi inayobaki juu yake ina kazi mbili. Kwanza, petroli hutanuka. Lita 50 zikipata joto la nyuzi 10 zaidi zinaongezeka karibu nusu lita, na mafuta ya kituo hutoka kwenye tangi lililofukiwa ardhini, penye ubaridi, yakaja kukaa chini ya gari lililo juani. Pili, nafasi hiyo ni ya mvuke. Magari ya petroli ya siku hizi hayauachi mvuke huo uende hewani. Huupitisha kwenye kopo lenye mkaa maalumu unaounasa, kisha injini ikiwa inafanya kazi vali inafunguka na mvuke unafyonzwa ukachomwe. Kopo hilo limeumbwa kupokea mvuke. Likipokea petroli yenyewe, mkaa unalowa, wakati mwingine unasambaratika na chembe zake zinaziba vali. Kompyuta ya gari inaona mfumo wa mvuke hauko sawa, na inawasha taa ya injini.

Lakini kabla ya kulihukumu kopo, angalia kitu chepesi zaidi: kifuniko cha tangi. Kisipokazwa hadi kilie, au mpira wake ukiwa umepasuka, mvuke unavuja na taa ileile inawaka. Kifungue, pitisha kidole kwenye mpira, futa vumbi, kikaze hadi usikie tak. Taa haitazimika papo hapo, maana kompyuta inasubiri ijaribu mfumo upya na kuridhika, na hilo huchukua safari kadhaa, pengine siku kadhaa. Ikiwa gari linatembea kama kawaida, halitetemeki wala halikosi nguvu, unaweza kusubiri kwa amani.

Wale mafundi wawili wote wamekupa ushauri mbaya. Ukichomoa waya wa betri unafuta kodi ya hitilafu, ile namba ya kosa iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. Ni kama kuichana barua kabla ya kuisoma. Hitilafu itarudi, na fundi atakayekuja ataanza na karatasi tupu. Ukiipuuza moja kwa moja nako utajizoesha kuendesha taa ikiwaka, na siku hitilafu nyingine, kubwa, itakapotaka kuiwasha, itakuta imeshawaka. Gari lako, kama si la zamani sana, lina soketi ya pini 16 chini ya usukani. Marekani iliilazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Fundi anachomeka mashine, anasoma kodi, anakuandikia. Kazi ya dakika chache.

Lakini taa hiyohiyo ya njano ikianza kupepesa, hesabu inageuka kabisa. Kupepesa maana yake silinda moja au zaidi hazichomi mafuta, mara nyingi ni plagi au koili. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi, inawakia ndani ya katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na joto lake linayeyusha vitundu vyake vya kauri. Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama, na usiegeshe juu ya nyasi kavu, kwani ekzosi ya namna hiyo inaweza kuzichoma.

Nyingine za njano nitazipitia haraka. ABS, mfumo unaozuia magurudumu kufunga ukibana breki, ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kufunga ukibana ghafla. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama. Kiatu cha farasi chenye alama ya mshangao ni upepo wa tairi: pima yote manne yakiwa baridi. Mtu aliyekaa mwenye duara mbele yake ni mifuko ya hewa. Gari linatembea, lakini siku ya ajali huenda mifuko isifunguke, kwa hiyo usiipe miezi. Waya uliojiviringa, kwa wenye dizeli, unakutaka usubiri uzimike ndipo upige starti. Na taa ya mafuta kupungua usiifanye rafiki. Pampu ya mafuta inakaa ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yanayoizunguka. Ukizoea kuendesha tangi tupu unaipika.

Ukiitazama taa hiyo, katika magari mengi pembeni ya picha ya pampu utaona kijipembe kidogo kinachoelekeza kushoto au kulia. Kinaonyesha upande wa mdomo wa tangi. Wazo ni la Jim Moylan, mfanyakazi wa Ford, aliyeliandika mwaka 1986 baada ya kupatwa na mvua akijaza gari alilolisogeza upande usio wenyewe.

Tuje kwenye kujaza. Kitu cha kukumbuka ni kwamba kinachoshika moto ni mvuke, na petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, bali unatambaa chini, usawa wa vifundo vya miguu, na unaweza kufika kwenye sigara iliyotupwa mbali kuliko unavyodhani. Dizeli ni tulivu zaidi, huhitaji joto la nyuzi zaidi ya 50 ndipo mvuke wake uwake, lakini dizeli na petroli huuzwa pamoja, kwa hiyo masharti ni yaleyale. Zima injini. Zima sigara kabla hujaingia kituoni. Fungua kifuniko polepole ukisikia kinapumua. Kama ni pikipiki, shuka wewe na abiria wako: petroli ikimwagika juu ya injini ya moto iliyo katikati ya mapaja yako, hutakuwa na nafasi ya kuruka.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni umeme wa mwilini. Ukiteleza kutoka kwenye kiti, hasa siku kavu, nguo zinasuguana na kitambaa cha kiti na mwili unabeba chaji. Ukigusa nozeli iliyozungukwa na mvuke, cheche inaruka kati ya kidole na chuma. Ndiyo maana, kama unajijazia mwenyewe, gusa kwanza chuma cha mlango kwa mkono mtupu, na usirudi kukaa ndani wakati mafuta yanaingia. Petroleum Equipment Institute, chama cha sekta ya vifaa vya mafuta cha Marekani, kilikusanya taarifa za mioto ya namna hii, na katika nyingi kulikuwa na mtu aliyerudi garini kisha akaja kuigusa nozeli. Katika taarifa hizo hakuna moto uliothibitishwa kuwashwa na simu ya mkononi. Hata hivyo fuata bango la kituo, maana simu inakuondoa macho kwenye kazi unayoifanya.

Moto ukitokea mdomoni mwa tangi, mkono utataka kuichomoa nozeli. Usiichomoe! Ukiichomoa inamwaga petroli inayowaka juu ya gari, ardhi na miguu yako. Iachie hapohapo, rudi nyuma, toa watu ndani ya gari, piga kelele mhudumu akate umeme wa pampu.

Dumu lijazwe likiwa chini, ardhini, ncha ya nozeli ikigusa mdomo wake ili chaji ishuke. Likiwa ndani ya buti juu ya zulia, au juu ya plastiki ya nyuma ya pikapu, chaji haina pa kwenda. Liwe dumu lililotengenezwa kwa mafuta, si chupa ya maji, na liachiwe nafasi juu. Tafadhali pia, usifyonze petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kuyaharibu vibaya, na aliyeimeza hatapishwi, kwa kuwa inaporudi juu ndipo inapopita njia ya hewa. Apelekwe hospitali.

La mwisho ni mafuta yasiyo yenyewe. Nozeli ya dizeli kwa kawaida ni pana kuliko ya petroli, hivyo haiingii kirahisi kwenye gari kama lako. Maafa huwa kwa wenye dizeli wanaotiliwa petroli. Dizeli hulainisha pampu yake ya presha kubwa. Petroli inauondoa ulaini huo, pampu inajisaga na unga wa chuma unasambaa hadi kwenye nozeli za injini. Usiamini rangi za vishikio, zinatofautiana nchi na nchi. Soma neno lililoandikwa. Ikitokea umegundua kosa ungali kwenye pampu, usifungue swichi hata kidogo, kwa kuwa magari mengi huanza kusukuma mafuta swichi ikifunguka tu. Lisukumwe pembeni, tangi limwagwe. Tangi lililomwagwa kabla ya kuwasha ni usumbufu wa siku moja.

Kwako wewe: kijiti cha oili leo, kabla ya safari yoyote, kisha kifuniko cha tangi. Mara nyingine pampu ikilia tak, mwambie mhudumu inatosha. Ukienda kwa fundi, asome kodi kabla ya kufuta chochote na akuandikie namba. Ikiwa P0457 au P0455, ni njia ya mvuke niliyokueleza. Aangalie kifuniko, kopo la mkaa na vali yake. Ikianzia na P030, ni silinda zisizochoma na mazungumzo yetu yatakuwa mengine. Niandikie namba hiyo, pamoja na ulichokiona kwenye kijiti.